Tarakimu tano zilizokula msimu wa mpunga

MWISHONI mwa Novemba 2021 nilikaa chini ya mwembe katika kijiji kimoja cha Bonde la Kilombero, kompyuta mpakato ikiwa juu ya meza ya kuazima shuleni, nikiwajazia wakulima 38 wa mpunga fomu ya kuomba mkopo wa pembejeo. Wanachama walikuja mmoja mmoja na vitambulisho vyao vya Taifa. Wale ambao kadi zao zilikuwa bado hazijatoka walikuja na kikaratasi chenye namba. Nasoma, naandika, namwita anayefuata.

Katibu wa kikundi alikuwa na kaunta buku lake kama kawaida. Akaniuliza kama na yeye azinakili namba hizo. Nikamwambia asijisumbue, kompyuta inahifadhi kila kitu. Nakumbuka nilisema hivyo mbele za watu, kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Ilipofika saa saba mchana tulikuwa tumemaliza. Nikabofya kitufe cha kuhifadhi, kesho yake nikachapa orodha pale Ifakara, viongozi wakasaini na faili likatumwa kwa barua pepe kwa taasisi ya fedha iliyokuwa inatoa mkopo. Tulikuwa tumebakiza siku mbili kabla ya dirisha kufungwa.

Wiki ya pili ya Desemba maombi yakarudi. Maelezo yalikuwa mstari mmoja tu: namba za vitambulisho vya waombaji wote 38 si sahihi.

Nilifungua faili nikiwa na hasira, nikiamini kosa ni lao. Nikatazama safu ya namba kutoka juu hadi chini. Kila namba ilikuwa na tarakimu 20 kama inavyotakiwa. Kila namba ilikuwa inaishia na sifuri tano.

Namba za mwanzo zilikuwa za kweli kabisa. Tano za mwisho zilikuwa zimefutika, na hazikuwepo mahali pengine popote isipokuwa kwenye kadi zilizokuwa mifukoni mwa wenyewe. Na wenyewe, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza, walikwishahamia mashambani, wengine mwendo wa saa nne kwa baiskeli.

Nimeona niandike makala haya kwa sababu tangu wakati huo nimekutana na vikundi vingi vilivyopoteza mkopo, ruzuku au zabuni, si kwa kukosa sifa, bali kwa sababu fomu iliyojazwa haikuhifadhiwa, au ilihifadhiwa kitu tofauti na kilichoandikwa. Hili la pili ndilo baya zaidi, maana halitoi dalili.

Excel hukumbuka tarakimu 15

Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, na zinazofuata humtofautisha mtu huyo na wengine. Programu ya Excel, ambayo ndiyo taasisi nyingi hutumia kutengeneza fomu za orodha, hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Kuanzia ya 16 huweka sifuri. Haiulizi wala haitoi onyo.

Sababu yake ni kwamba Excel ilitengenezwa kwa ajili ya mahesabu. Mtu anayejumlisha fedha hahitaji tarakimu zaidi ya 15. Inapoona tarakimu tupu kwenye kisanduku, inadhani umeiletea kiasi cha kujumlisha. Haijui kwamba hiyo ni namba ya mtu, ambayo hakuna siku itajumlishwa na ya jirani yake.

Mwanzoni nilipoandika namba ya mwanachama wa kwanza, kisanduku kilionyesha 1.97007E+19. Nikadhani ni nafasi imebana. Nikapanua safu, nikachagua namba zionekane kamili bila desimali, zikaonekana zote 20, nikaendelea. Ninaposimulia hili kwa wenzangu tuliosoma pamoja Sokoine, wapo wanaocheka na wapo wanaonyamaza. Wanaonyamaza nadhani wanakwenda kukagua mafaili yao.

Kulikuwa na jambo jingine lililotukera zaidi. Wanachama wawili waliozaliwa mwaka mmoja, wote wakiwa wameandikiwa tarehe ileile ya kukadiria kwa kuwa wazazi wao hawakuiandika, namba zao zilikuja kufanana kabisa baada ya kukatwa mkia. Kwa mfumo wa kompyuta hao walikuwa mtu mmoja aliyeomba mara mbili. Mmoja wao, mama mtu mzima na mwenyekiti wa kikundi, aliniuliza kwa utulivu, "Mtaalamu, sasa mimi ni nani hapo?"

Dawa yake ni rahisi mno kiasi kwamba inauma. Kabla ya kuandika namba ya kwanza, chagua safu nzima kisha ielekeze kompyuta kwamba humo yataingia maandishi, chaguo linalosomeka Text kwenye orodha ya aina za visanduku. Au tanguliza alama ya ritifaa, ile ya kwenye neno ng'ombe, kabla ya tarakimu ya kwanza. Au andika namba pamoja na vistari vyake kama ilivyo kwenye kadi, maana kistari hakihesabiki na Excel huiacha kama ilivyo.

Zingatia neno kabla. Ukibadilisha aina ya kisanduku baada ya kuandika, tarakimu zilizopotea hazirudi.

Namba ya simu nayo hupata ajali, ila yake ni ndogo. Ukiandika 07 na kuendelea, Excel huondoa ile sifuri ya mwanzo kwa kuwa katika hesabu sifuri iliyotangulia haina thamani. Lakini hapo kila mtu anajua kilichokosekana, hivyo inarudishwa. Hali ni ileile kwa akaunti za benki zinazoanza na sifuri, ingawa karani wa malipo hatakuwa na subira ya kubuni. TIN, yenye tarakimu tisa, hupita salama.

Pia wapo wanaoandika kila kitu vizuri, kisha wanaombwa kutuma faili katika mtindo wa CSV. Huo huhifadhi maandishi matupu, unatupa maelekezo yote ya aina za visanduku. Faili lenyewe linapotoka huwa zima. Lakini ukilifungua tena ndani ya Excel ili kuhakiki, Excel inazisoma upya kama kiasi cha fedha, na ukibofya kuhifadhi tu, umekwisha. Kwa hiyo faili la CSV likishatengenezwa lisifunguliwe kwa kubofya mara mbili. Litumwe, na uhakiki ufanyike kwenye faili la awali.

Gharama ilivyohama

Mimi ni mchumi, na kazi yangu ni kuuliza nani analipa. Zamani mkulima aliandika fomu ya karatasi kwa kalamu, akaipeleka ofisini, na karani wa ofisi ndiye aliyeingiza kwenye mashine. Karani akikosea, fomu ya karatasi ilikuwepo kabatini na kosa lilisahihishwa kwa mshahara wa ofisi.

Leo kazi ya karani imehamishiwa kwa mwombaji. Ofisi imepata nafuu ya kweli, na sipingi hilo, kwa sababu maombi yanashughulikiwa haraka zaidi na rushwa ya kuficha jalada imepungua makali. Lakini nauli ya kwenda mjini, malipo ya mchapaji wa steshenari, kifurushi cha intaneti na siku nzima ya kazi iliyopotea shambani, vyote vimeingia kwenye daftari la mkulima. Na kosa la uchapaji nalo limehamia kwake.

Kwa kikundi changu kosa hilo lilikuwa na bei. Msimu ule wa 2021/2022 bei ya mbolea ilikuwa imepanda duniani kote, na wengi wao hawakuwa na fedha taslimu. Tulizunguka kukusanya namba upya, tukachapa, viongozi wakasaini tena, na mkopo ulitoka mwishoni mwa Februari. Mbolea ya kupandia ilikuwa imekwishapitwa na wakati, ikabaki ya kukuzia, nayo ikawafikia baadhi yao kwa kuchelewa.

Wasioweza kusubiri walikopa kwa wafanyabiashara wa mpunga kwa makubaliano ya kulipa gunia. Aliyechukua Sh40,000 Januari alilipa gunia moja Juni, na siku hiyo gunia lilikuwa linauzwa Sh75,000 palepale kijijini. Hiyo ni riba ya karibu asilimia 88 kwa miezi mitano. Hakuna benki inayothubutu kuitangaza riba ya namna hiyo ukutani.

Fomu hazitapungua. Serikali ilipoanza ruzuku ya mbolea msimu wa 2022/2023, mkulima alitakiwa kuandikishwa kwenye mfumo wa kielektroniki ndipo anunue kwa bei ya ruzuku. Usajili wa kampuni na majina ya biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, Brela, uliingia kwenye mtandao mwaka 2018. Zabuni za umma zina mfumo wake. Kikundi kinachotaka kuuza mchele kwa shule au hospitali hakikwepi kompyuta.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia hii mapema kidogo, na lipo la kujifunza. Mamlaka ya Mapato ya nchi hiyo, KRA, kwenye mfumo wake wa iTax iliwazoesha walipa kodi kupakua fomu ya Excel, kuijaza bila kuhitaji intaneti, kisha kubofya kitufe cha kuhakiki kilichomo ndani ya fomu yenyewe. Kama kuna kosa, fomu inakuorodheshea makosa na kukataa kuendelea. Ukiyamaliza, inatengeneza faili lililobanwa ambalo ndilo linalopandishwa kwenye mtandao.

Wakenya nao wana malalamiko yao. Fomu hiyo hutegemea vijiprogramu vilivyofichwa ndani yake, na kompyuta yenye tahadhari huvizuia mpaka mwenyewe aviruhusu. Anayehifadhi fomu ya namna hiyo kwa mtindo wa kawaida wa Excel wenye mkia wa xlsx hupoteza vijiprogramu vyote, na kitufe kinakuwa picha tu. Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha, haisahauliki kwa waliochelewa. Hata hivyo, fomu inayohakiki yenyewe imemfanyia mwombaji kazi ambayo yangu haikuifanya. Na bahati nyingine waliyonayo ni kwamba namba yao ya mlipa kodi huanza na kuishia na herufi, hivyo Excel haiwezi kuidhania ni fedha.

Taasisi iliyotutumia ile fomu ingeweza kuweka sharti dogo kwenye safu ya vitambulisho, kwamba ipokee maandishi yenye urefu wa 20 tu. Ni kazi ya dakika tano kwa mtu mmoja, mara moja. Kwa kuwa hakuifanya, watu 38 waliilipia. Nimewaandikia maoni hayo, na toleo la mwaka uliofuata lilikuja limerekebishwa, ingawa bila neno la asante.

Fomu inayorudi tupu

Ugonjwa wa pili ni wa fomu za PDF. Hizi zinapendwa na wafadhili, mashirika ya viwango na balozi kwa sababu huonekana sawa kwenye kila kompyuta.

Wenye umri wangu tunakumbuka ilivyokuwa miaka ile ya 2000. Programu ya bure ya Adobe Reader ilikuwa inakuruhusu kujaza fomu na kuichapa kwenye karatasi, lakini haikuruhusu kuhifadhi ulichokijaza, isipokuwa kama mtengenezaji wa fomu alikuwa ameiwekea ruhusa maalumu. Ukifunga, umepoteza. Hali hiyo ilibadilika Oktoba 2012 lilipotoka toleo lililoitwa Reader XI. Mpaka leo nakutana na wachapaji waliojifunza kazi enzi hizo ambao huchapa fomu kwenye karatasi mara tu wakimaliza na hawajaribu hata kuihifadhi. Ukirudi kesho kurekebisha jina moja, wanaanza ukurasa wa kwanza, na wanakutoza upya.

Siku hizi tatizo limehamia kwenye kivinjari cha intaneti. Unabofya kiungo cha fomu, inafunguka palepale kwenye Chrome, unaijaza kurasa nane, kisha unafunga dirisha. Ile haikuwa fomu yako. Lilikuwa dirisha la kuchungulia. Hata ukikumbuka kupakua, baadhi ya vivinjari hukuuliza kama unataka nakala yenye ulichojaza au ile ya awali, na mwenye haraka hubofya isiyo yake.

Utaratibu unaofaa ni kuipakua fomu kwanza ikiwa tupu, kuiweka kwenye folda unayoijua, kuifunga intaneti ukitaka, kisha kuifungua kutoka kwenye folda hiyo. Jaza mistari miwili tu. Hifadhi kwa jina jipya kupitia Save As. Funga kila kitu. Fungua tena. Kama mistari miwili ipo, endelea na kurasa nane. Kama haipo, umepoteza dakika tatu.

Ipo na aina ya fomu ambayo kwenye kivinjari huonyesha ujumbe wa kusema subiri kidogo, na mtu husubiri mpaka betri inaisha. Haitafunguka hapo hata ukikesha. Ni ya mtindo unaohitaji programu yenyewe ya Adobe, na fomu za kuombea viza ya Canada zimekuwa mfano wake maarufu kwa miaka mingi. Wakulima wa vanila au parachichi wanaoalikwa kwenye maonyesho ya nje wamehangaika nayo, wakidhani mtandao wa kijijini kwao ndio dhaifu.

Na ukiwa umetumiwa fomu ya Word au Excel kwa barua pepe, usiijaze kutoka ndani ya barua. Baadhi ya programu za barua pepe hufungua kiambatisho kwenye folda ya muda iliyofichwa. Utabofya kuhifadhi, kompyuta itakubali bila ubishi, na faili utalitafuta hadi jioni. Bodi ya ushirika mmoja ninaoufahamu ilituma fomu yake ya maombi ikiwa tupu kabisa kwa mnunuzi, kwa sababu walichoambatisha kwenye jibu ni nakala ileile waliyoipokea. Iliyojazwa ilibaki kwenye folda hiyo ya muda. Mnunuzi aliwajibu kwa heshima akiuliza kama wamebadili mawazo.

Za kujaza mtandaoni moja kwa moja

Hizi zina tabia moja inayofahamika: hukutoa nje ukikaa kimya. Mfumo ukiona hujabofya kitu kwa muda uliowekwa, unafunga kikao kwa usalama, na mara nyingi kilichoandikwa kwenye ukurasa uliokuwa wazi kinakwenda nacho. Katibu anayejadiliana na mwenyekiti kwa simu kuhusu idadi ya ekari hana habari kwamba saa inahesabu.

Kwa hiyo majibu marefu, kama yale ya kueleza mradi au kujieleza kwa nini kikundi kinastahili mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaandikwe kwanza kwenye Word, yakubalike, ndipo yahamishwe. Na kama ukurasa una kitufe cha kuhifadhi rasimu, kibofye kila unapomaliza sehemu, si mwisho.

Rasimu si maombi. Nimeona vikundi vilivyosubiri majibu ya maombi ambayo bado yalikuwa yanawasubiri wao. Mfumo ukipokea kweli, hutoa namba ya kumbukumbu, au ujumbe wa barua pepe, au vyote viwili. Kama hukupata kimojawapo, chukulia hujawasilisha. Namba hiyo iandikwe kwa kalamu kwenye daftari la kikundi siku hiyohiyo. Ndiyo, kwa kalamu. Nimejirudi.

Baadhi ya mifumo huchanganya mtandao na karatasi. Usajili wa kampuni kwa njia ya mtandao ulipoanza, mwombaji alijaza kwenye kompyuta, akachapa fomu iliyotengenezwa na mfumo, wahusika wakasaini, kisha akaiskani na kuipandisha tena. Hapa balaa huwa moja: mtu anagundua kosa kwenye karatasi, analifuta kwa wino mweupe na kuandika sahihi juu yake. Karatasi na kompyuta zinakuwa zinasema vitu viwili, na ombi linarudishwa. Kosa lililoonekana kwenye karatasi husahihishwa kwenye mfumo, karatasi inachapwa upya, sahihi zinakusanywa upya. Ni usumbufu, hasa mkurugenzi mmoja akiwa Songea na mwingine Dar es Salaam, lakini hakuna njia ya mkato.

Steshenari na mali ya kikundi

Wakulima wengi hawajazi wenyewe. Wanakwenda steshenari, na kijana wa pale ndiye anayejaza. Siwalaumu, kwani wengi wa vijana hao wanajua kazi kuliko sisi wenye shahada. Tatizo ni kinachobaki nyuma mwenye fomu akishaondoka.

Mara nyingi akaunti ya kikundi hufunguliwa kwa barua pepe ya yule kijana na nywila anayoijua yeye tu, kwa sababu kikundi hakikuwa na barua pepe. Mwaka unaofuata kijana amehamia Mwanza au Mbeya. Ujumbe wa mfumo kwamba marekebisho yanahitajika ndani ya siku kadhaa unamfikia yeye, naye hana habari tena na kikundi. Barua pepe ya kikundi ni bure na hufunguliwa kwa simu. Nywila iandikwe, iwekwe kwenye bahasha, ikae na mhazini pamoja na kitabu cha benki.

Pia fomu yenyewe inabaki kwenye kompyuta ya dukani. Majina, namba za vitambulisho, simu na akaunti za wanachama wote vinakaa kwenye kioo cha kompyuta ambayo kesho atakalia mtu mwingine. Kwa taarifa hizo mtu mwenye nia mbaya ana pa kuanzia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, lakini hakuna ofisa atakayekuja kufuta faili lako pale stendi. Baada ya kazi, jitumie nakala kwa barua pepe ya kikundi, toka kwenye akaunti, kisha mwombe kijana alifute faili, pamoja na kwenye lile pipa la takataka la kompyuta. Wenye steshenari waaminifu hawachukii kuombwa hivyo.

Kuhusu flashi, nina neno moja. Ni chombo cha kubebea, si ghala. Inapotea, inafuliwa na suruali, na katika kompyuta inayotumiwa na mji mzima inaokota virusi vinavyoficha mafaili yote. Iwe nakala ya pili au ya tatu, isiwe ya pekee.

Majina ya mafaili nayo yana umuhimu kuliko yanavyopewa. Nimekuta kwenye kompyuta moja mafaili yaitwayo Fomu, Fomu mpya, Fomu mpya ya mwisho na Fomu ya mwisho kabisa, na iliyotumwa ilikuwa ya pili. Weka jina la kikundi, aina ya fomu na tarehe ikianza na mwaka, mfano 2024-10-15. Kompyuta itazipanga yenyewe kwa kufuatana, na hutahitaji kukumbuka mwisho ulikuwa upi.

Kikundi cha mwembeni kiliandikishwa kwenye ruzuku msimu uliofuata, na tangu hapo kimekopa mara mbili zaidi. Sikuitwa kujaza fomu. Katibu alikwenda mwenyewe na kaunta buku lake, ambalo sasa lina namba zote 38 kwa wino wa bluu, kila moja imesainiwa na mwenyewe kwamba ni sahihi.

Nilikwenda tu kutazama. Faili lilipokwisha kuhifadhiwa, mwenyekiti akamwambia kijana wa steshenari alifunge, kisha alifungue tena. Akavaa miwani, akamtaka asome tarakimu tano za mwisho za kila mtu kwa sauti, huku katibu akifuatisha kwa kidole kwenye daftari. Foleni nyuma yetu ilianza kunung'unika. Kwenye jina la 21 kijana akasoma tarakimu moja tofauti, katibu akanyanyua kidole, wakarudi nyuma, wakarekebisha, na mwenyekiti akamwambia aanze tena kusoma kuanzia namba moja.